SOMO LA KOMPYUTA: Kuhesabu Futi na Inchi katika Excel

Katika masomo yaliyotangulia tulijifunza kupanga majina ya washirika katika Excel na kujumlisha sadaka za mwezi. Leo tunaingia kwenye vipimo vya ujenzi. Vimetuletea shida, na shida hiyo ilitoka kwenye kompyuta, au tuseme ukweli, ilitoka kwa mtu aliyekaa mbele ya kompyuta, ambaye ni mimi.

Wengi mnakumbuka siku ya mbao za madirisha. Kamati ya ujenzi ilipima madirisha sita ya kanisa, na kwa kila dirisha ikaandika urefu wa mbao inayolala juu yake, pamoja na inchi sita za kukaa ukutani kila upande. Matofali yetu tuliyafyatua wenyewe, kwa hiyo hakuna dirisha lililolingana sawasawa na jingine. Daftari la kamati lilisema hivi:

Dirisha la 1: futi 4 inchi 10
Dirisha la 2: futi 4 inchi 10
Dirisha la 3: futi 4 inchi 11
Dirisha la 4: futi 4 inchi 9
Dirisha la 5: futi 4 inchi 10
Dirisha la 6: futi 4 inchi 11

Mimi kama katibu nilichukua daftari, nikaketi kwenye kompyuta, nikaandika 4.10, 4.10, 4.11, 4.9, 4.10, 4.11. Nikachapa karatasi, nikampelekea fundi, sikuitazama mara ya pili. Fundi akakata. Zilipopandishwa, mbao tatu zilikuwa sawa na tatu zilikuwa fupi kwa inchi 9. Mbao fupi kama ile ingelala ukutani inchi moja na nusu tu kila upande, na juu yake kuna matofali, na chini yake ndipo watoto wa shule ya Jumapili wanapokaa. Fundi alikataa kuziweka.

Watu wakaanza kusema. Nami nilisema, mbele ya watu, kwamba fundi anachezea mbao zilizonunuliwa kwa sadaka za akina mama waliouza mahindi yao. Yule mzee, mwenyeji wa hapa Uganda, hakugombana. Akatoa karatasi mfukoni, akasema, "Katibu, soma mwenyewe. Hapa umeandika nne nukta moja. Mimi nimekata futi nne na inchi moja."

Nikasoma. Kweli karatasi ilisema 4.1. Nilimwomba msamaha palepale, mbele ya watu walewale.

KOSA LILIINGILIA WAPI?

Excel inapoona 4.10 haioni futi nne na inchi kumi. Inaona namba moja, nne na sehemu moja ya kumi. Sifuri ya mwisho haina thamani kwake, kwa hiyo inaifuta na kuonyesha 4.1. Kwa njia hiyo futi 4 inchi 1 na futi 4 inchi 10 zinakuwa kitu kimoja, na hakuna mtu anayeweza kuzitenganisha tena bila kurudi kwenye daftari. Ukiilazimisha kompyuta ionyeshe tarakimu mbili baada ya nukta, hata inchi 1 nayo itaonekana kama 4.10, kwa hiyo bado hujapona.

Nikajaribu pia kujumlisha orodha ile kama nilivyoiandika. Jibu lilikuwa 25.42. Jibu la kweli ni futi 29 na inchi 1. Tazama ile 42. Kama ni inchi, basi ni zaidi ya futi tatu, na futi tatu hazikai upande wa inchi. Ningekuwa makini ningeona hapo.

Ndugu, tusijilaumu kupita kiasi. Sisi tuliosoma Kongo au Burundi tulifundishwa mita, mfumo ulioletwa na Wabelgiji, na katika mita nukta haina tatizo: mita 4.10 ni sawa na mita 4.1, nayo ni mita nne na sentimita kumi. Kila kitu kinakwenda kwa kumi. Hapa Uganda, ambako Waingereza walitawala hadi 1962, mafundi wengi bado wanasema futi. Kiwanja cha nyumba huitwa "hamsini kwa mia", na hizo ni futi 50 kwa futi 100, yaani mita 15.24 kwa mita 30.48. Mbao ya mbili kwa nne ni inchi 2 kwa inchi 4. Futi moja ina inchi 12. Haina inchi kumi. Ni kama saa: hakuna anayeandika saa moja na dakika thelathini kuwa 1.30 halafu akajumlisha mbili akapata 2.60. Kila mama anajua kwamba nusu saa mbili ni saa nzima. Inchi nazo ni hivyo hivyo, ila zinakwenda kwa dazeni.

Nabii Ezekieli naye alikuwa uhamishoni, na mwaka wa ishirini na tano wa uhamisho wao alionyeshwa mtu akipima hekalu (Ezekieli 40). Kabla ya kutaja kipimo chochote cha ukuta, mstari wa 5 unaeleza kwanza mwanzi wa kupimia wenyewe: ni mikono sita, na kila mkono una nyongeza ya upana wa kiganja. Msomaji anajua ni mkono gani unaosemwa ndipo anaambiwa ukuta ni mwanzi mmoja. Karatasi yangu haikusema ni kipimo gani. Ilisema 4.1 tu.

NJIA ILIYO SALAMA

Usiandike futi na inchi katika kisanduku kimoja. Zipe kila moja safu yake. Katika mstari wa 1 andika vichwa: safu ya A iwe "Dirisha", B iwe "Futi", C iwe "Inchi", D iwe "Jumla ya inchi". Kisha katika mstari wa 2 andika 1, 4, 10. Katika mstari wa 3 andika 2, 4, 10, na kuendelea hadi mstari wa 7, yaani dirisha la sita.

Sasa nenda kisanduku D2 uandike:

=B2*12+C2

Bonyeza Enter. Utaona 58, kwa kuwa 4 mara 12 ni 48, ongeza 10. Nakili fomula hiyo hadi D7 kama tulivyofanya kwenye sadaka, yaani shika kona ya chini ya kisanduku na kuivuta. Utapata 58, 58, 59, 57, 58, 59. Hapa vipimo vyote vimekuwa lugha moja, inchi tupu, na inchi tupu zinajumlishwa kama shilingi. Katika D8 andika:

=SUM(D2:D7)

Jibu ni 349. Lakini ukimwambia fundi inchi 349 atakucheka, kwa hiyo tunazirudisha. Katika B8 andika:

=INT(D8/12)

na katika C8:

=MOD(D8,12)

INT inachukua futi kamili na kuacha masalio. MOD inachukua masalio tu. B8 itaonyesha 29 na C8 itaonyesha 1. Ni futi 29 na inchi 1.

Ukitaka maneno yatoke pamoja kwenye karatasi ya kumpa fundi, fanya hivi katika kisanduku kingine:

=INT(D2/12)&" futi "&MOD(D2,12)&" inchi"

Itaandika "4 futi 10 inchi". Karatasi ya namna hiyo hakuna anayeweza kuisoma vibaya. Tangu siku ile sitoi karatasi ya vipimo isiyo na maneno futi na inchi.

Kuna mitego mitatu katika kuandika. Ukiandika 4-10 kwa dashi, au 4/10, Excel itadhani ni tarehe na kukuandikia siku ya mwezi. Ukiandika 4'10" kwa alama za mafundi, itayahesabu hayo kuwa maneno, na SUM hupita juu ya maneno bila kusema chochote, hivyo jumla inatoka sifuri. Na ukitaka nusu inchi, usiandike 1/2 peke yake kwa maana nayo itageuka tarehe. Andika 0.5. Robo ni 0.25, robo tatu ni 0.75, na thumni ni 0.125. Kwa inchi tatu na nusu unaweza kuandika 3.5, au 3 1/2 ukiacha nafasi katikati. Excel inaelewa zote mbili.

Kwa wale ambao kompyuta zao zimewekwa Kifaransa, majina ya fomula yanabadilika: SUM inakuwa SOMME, INT inakuwa ENT, MOD inabaki MOD. Pia mahali pa mkato ndani ya mabano unaweka nukta-mkato, kwa mfano =MOD(D8;12), na nusu unaiandika 0,5. Watu wawili waliokuja darasani mwezi uliopita waliacha wakidhani wamekosea, kumbe ni lugha ya kompyuta tu. Fomula hizi zinafanya kazi pia katika LibreOffice Calc, ambayo ni programu ya bure, na hata kwenye simu zenye programu ya jedwali.

Kama unataka mlinzi wa makosa, katika E2 andika:

=IF(C2>=12,"ANGALIA","SAWA")

Mtu akiandika inchi 14 kwenye safu ya inchi, neno ANGALIA litatokea. Mlinzi huyu hatakamata kila kosa, wala asingenikamata mimi, lakini anasaidia unapochoka.

KUNUNUA MBAO SI KUJUMLISHA TU

Hapa naomba akina baba wa kamati wasome polepole. Jumla yetu ni futi 29 na inchi 1. Tuseme dukani kuna mbao za futi 12. Mtu atagawanya 29 kwa 12 apate mbili na kitu, aseme tununue mbao tatu. Safari hii atakuwa sahihi, lakini kwa bahati. Mbao ya juu ya dirisha haiungwi katikati. Kwa hiyo swali ni kila mbao ya dukani inatoa vipande vingapi kamili. Mbao ya futi 12 ni inchi 144:

=INT(144/D2)

Inajibu 2. Vipande viwili vya inchi 58 ni inchi 116, zinabaki inchi 28 ambazo hazitoshi dirisha. Madirisha sita kwa viwili viwili ni mbao tatu. Sasa tuseme tungekuwa na vipande sita vya futi 6 na inchi 2, yaani inchi 74 kila kimoja. Jumla ni inchi 444, ambazo ni futi 37. Ukigawanya kwa 12 unapata tatu na kidogo, unanunua mbao nne. Lakini 144 kwa 74 inatoa kipande 1 tu kila mbao. Unahitaji mbao sita. Mbili za ziada hizo ndizo kamati huzikosa, kisha mtu anatumwa tena sokoni na nauli inalipwa mara mbili. Msumeno nao unakula kidogo kila unapokata, kwa hiyo usipange vipande vinavyobana mpaka mwisho wa mbao.

SAKAFU

Tulipopima ndani ya kanisa tulipata futi 30 inchi 6 kwa futi 18 inchi 8. Kwa inchi tupu ni 366 na 224. Ukizizidisha unapata 81,984, lakini hizo ni inchi za mraba. Futi moja ya mraba ina inchi 12 upande huu na 12 upande ule, yaani 144. Wengi hugawanya kwa 12 na kupata jibu kubwa mara kumi na mbili. Gawanya kwa 144:

=366*224/144

Jibu ni futi za mraba 569.33. Hapa nukta imeruhusiwa, kwa sababu si inchi tena, ni sehemu za futi ya mraba.

Sasa zege la unene wa inchi 3. Inchi 3 ni robo ya futi, yaani 0.25. Mtu mwenye mazoea yangu ya zamani ataandika 0.3. Kwa 0.25 zege ni futi za ujazo 142.33. Kwa 0.3 ni 170.8. Tofauti ni futi za ujazo 28 na zaidi za mchanga, kokoto na saruji ambazo hatukuzihitaji, karibu sehemu moja ya tano ya kazi yote, kwa ajili ya nukta moja. Saruji iliyobaki kwenye mfuko uliofunguliwa haingoji mwaka kesho.

KUTOKA MITA KWENDA FUTI

Kwa makubaliano ya mwaka 1959 kati ya nchi zinazosema Kiingereza, inchi moja ni sentimita 2.54 kamili. Hakuna kukadiria. Kwa hiyo ukiwa na mita katika A2, inchi zake ni:

=A2/0.0254

na ukiwa na inchi katika D2, mita zake ni =D2*0.0254. Kwa sakafu yetu ni mita 9.2964 kwa mita 5.6896, yaani mita za mraba 52.89, na zege lile ni mita za ujazo 4.03. Vijana waliozoea mita wanaweza kuhakiki kazi ya mafundi wa futi kwa njia hiyo, na mafundi wakahakiki ya vijana.

Mtego mmoja umebaki, nao unapatikana hapa. Mlango ni mita 2.13. Gawanya kwa 0.0254 upate inchi 83.858. INT inakupa futi 6, MOD inakupa inchi 11.858. Ukikadiria hizo inchi peke yake zinakuwa 12, na karatasi inaandika futi 6 inchi 12! Hakuna kipimo cha namna hiyo. Dawa ni kukadiria inchi zote kwanza, ndipo uzitenganishe. Katika D2 andika:

=ROUND(A2/0.0254,0)

Itatoa 84, kisha INT na MOD zitatoa futi 7 na inchi 0. Kama fundi anataka mpaka robo ya inchi, andika =ROUND(A2/0.0254*4,0)/4. Kwa thumni weka 8 mahali pa 4 zote mbili.

MAZOEZI

1. Mabenchi manne yana urefu wa futi 7 inchi 10, futi 7 inchi 1, futi 8 inchi 11 na futi 6 inchi 9. Tafuta jumla kwa futi na inchi. Kisha andika vipimo hivyo kwa nukta kama nilivyofanya mimi, ujumlishe, uone umepotea kiasi gani.

2. Mbao ina mita 3.65. Iandike kwa futi na inchi kamili. Angalia usiandike futi 11 inchi 12.

3. Mkono wa kawaida ni viganja 6. Mkono wa Ezekieli 40:5 unaongeza kiganja kimoja, na mwanzi una mikono 6 ya namna hiyo. Mwanzi ni viganja vingapi? Tukikadiria kiganja kuwa inchi 3, ukuta ule ulikuwa na kimo cha futi ngapi na inchi ngapi?

Majibu tutayaleta katika toleo lijalo. Zile mbao tatu fupi zimekuwa miguu ya meza ya Sekretarieti, na anayetaka kuzipima kwa mazoezi aje na tepu yake.